Nyota Nne na Kanda ya Saa ya Majina

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Nasomesha skuli ya wasichana hapa Nizwa, sina mume, sina mtoto, na mtu akianza kunisifu sauti yangu huaga nikaenda zangu. Wengi wenu mnanijua bila ya kunijua. Mimi ni Zuwena, ile sauti ya kati katika kundi la Nyota Nne.

Naam, Nyota Nne... wale ndugu wanne wa Ibra mliokuwa mkitupigia vigelegele kutoka Sur mpaka Fanja. Nyota! Hata vibatari hatukuwa. Tulikuwa dada watatu wenye sauti nzuri na kaka mmoja mwenye suruali pana.

Nimeamua kuandika kwa sababu mwezi uliopita watu wenye heshima zao walimwandalia kaka yangu Hilal karamu, wakamvisha joho, wakamwita baba wa muziki wetu wa kisasa. Bwana mmoja mtu mzima alitoa leso akapangusa macho, akisema kwamba Hilal ametutunzia utamaduni wetu. Utamaduni gani? Huyu hakutunza hata siri ya harusi moja. Na mimi nilikuwa upande wa wanawake, safu ya tatu, napiga makofi kama wenzangu.

Tulihamia Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, nchi ilipowafungulia mlango watu wake waliokuwa Unguja. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yetu, Bi Ruzuna, alifika na watoto wanne, masanduku mawili na Kiarabu cha kusalia tu. Ukoo wetu ulitoka Ibra, tukaenda Ibra. Jamaa wa ukoo walitukaribisha kahawa na halua, wakatutakia kila la heri, wakafunga milango yao. Aliyetupa nyumba ni mtu baki kabisa, mwenye shamba la mitende, aliyetuambia tukae humo bila ya kodi mpaka Mungu atakapotufungulia.

Bwana huyo alikuwa na binti wa rika langu. Jina lake sitaliandika, na sababu mtaiona. Nitamwita shoga yangu, maana ndivyo alivyokuwa. Yeye alinifundisha Kiarabu cha Ibra, nami nikamfundisha Kiswahili, ambacho alikizungumza ovyo ovyo na wala hakutaka kusahihishwa. Tukila pamoja, tukifua pamoja kwenye mfereji wa falaji, na nywele zake nilikuwa nikizisuka mimi. Ndiyo maana nilijua kuwa ana kidoti cheusi shingoni, nyuma ya sikio la kushoto. Kidoti hicho kishikeni, kwa sababu kilikuja kujulikana na watu wengi mno.

Hilal alikwenda Bahrain kufanya kazi, akarudi baada ya miaka miwili na nywele kama kichaka, suruali ya bugaluu inayofagia vumbi, viatu vya raizoni vyenye soli nene, na kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Ukibonyeza kidude, ngoma inajipiga yenyewe. Akaanza kujiita Profesa. Profesa wa nini, sijui, kwani skuli aliiacha kabla ya mtihani. Alisema kwamba dunia nzima inacheza disko, na huko Ulaya kuna ndugu wa tumbo moja wanaoimba pamoja na kutajirika, basi na sisi tuna nini tusiweze?

Mama alikubali haraka. Mama alikuwa amechoka kukaa nyumba ya watu.

Tulianza na harusi. Sasa nielezeni vipi mtu awe na kundi la disko Ibra, mahali ambapo wanaume wako upande wao na wanawake upande wao? Hilal alipata njia, na hapo nampa haki yake. Yeye alikaa uwani kwa wanaume na kinanda chake. Waya ukapita dirishani mpaka kwetu ndani, sisi dada watatu tukaimba kwenye kipaza sauti mbele ya wanawake, na wanaume wakatusikia kwenye spika bila ya kutuona. Dada Salha alikuwa na sauti nene, mdogo wetu Moza nyembamba, mimi kati. Tuliimba nyimbo za taarabu za kwetu, Hilal akizipigia ngoma ya disko chini yake. Watu walirukwa na akili. Leo wanaita hiyo sanaa. Mimi naiita waya na dirisha.

Lakini kulikuwa na sehemu moja ambayo haikupita dirishani. Sisi tuliokulia Unguja tumezoea kwamba mwanamke akija kutunza pesa, mwimbaji humtaja kwa jina, yeye na mama yake, na humtania kidogo. Wanawake wa Ibra waliipenda sana desturi hii. Ila bara ya Oman mwanamume wa heshima hamtaji mkewe wala mama yake mbele ya wageni, seuze kumsikia akiimbwa. Kwa hivyo wakubwa wa kike walituwekea sharti. Saa ya majina ikifika, kipaza sauti kinazimwa, waya unavutwa ndani, dirisha linafungwa, Hilal anapanga vitu vyake na kwenda kula wali. Ndani tunabaki wanawake watupu na matari, na yanayosemwa humo yanafia humo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yetu. Nyimbo zote nyingine angeziimba yeyote, lakini saa ya majina walitupa sisi, wageni waliokuja na masanduku mawili.

Shoga yangu akaposwa na kijana wa Jalan Bani Bu Ali mwenye kazi ya serikali Sur. Kijana mtaratibu, wala sina neno baya juu yake, na mnaonisoma mnajua sasa kwamba si tabia yangu kumsamehe mtu kirahisi. Shoga yangu alimpenda kabla ya kumwona, kwa kusikia tu jinsi anavyomtunza mama yake. Siku nzima alikuwa ananiuliza, "Zuwena, yeye takuja kweli?"

Wiki ya harusi Hilal akaniita pembeni. Akasema kwamba mwenye duka la kanda wa Sur amechoshwa na nyimbo zetu za kawaida, kila mtu anazo. Akataka kusikia saa ya majina, eti ajifunze mapigo yake atengeneze ngoma inayofaa. Yeye hawezi kuingia. Lakini mimi naingia, na nina buibui, na nina mkoba wa ukili wa kubebea udi na chetezo. Rikoda yake ilikuwa ndogo, ingekaa chini ya vitambaa.

Nilimwuliza kama ni kwa kujifunzia tu. Akasema, "Wallahi Zuwena, nani mwengine ataisikia? Na sauti yako ndiyo ninayoitaka, hao wawili wanakufunika tu."

Nilijidai nimeamini. Leo nawaambia ukweli ambao sikumwambia hata mama. Sikuamini hata neno moja... Nilijua anakoelekea. Lakini aliposema sauti yangu inafunikwa, moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa mpumbavu wa kiwango kile kile cha kaka yangu, tofauti yetu ni viatu.

Sherehe ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Shoga yangu alikaa juu ya godoro, amefunikwa shali ya kijani, mikono ina hina, hasemi kitu kama ilivyo ada ya bibi harusi. Mkoba wangu niliuweka pale panapowekwa udi siku zote, miguuni pake. Dirisha lilipofungwa nikainama kama natafuta udi, nikabonyeza.

Salha na Moza hawakujua lolote. Tuliimba vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Mama wa bibi harusi alitajwa, shangazi zake wakatajwa, wanawake wakacheka mpaka wakalia. Na nilipofika kwa bibi harusi mwenyewe sikusimama katikati ya chumba kama kawaida yangu. Nilimsogelea, nikauinamia ule mkoba ili sauti yangu ikamatwe sawasawa, nikamtaja jina lake na la baba yake, nikamwimba mwenye kidoti nyuma ya sikio ambacho bwana harusi hajakiona bado. Chumba kizima kilipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafikiria kanda.

Kanda ilitoka kabla ya mwezi kwisha. Hilal alizitia zile sauti zetu ngoma yake ya kujipiga, akatia kinanda juu, akaiita Saa ya Majina bila ya kuona haya. Kwa kuwa picha za dada zake hakuthubutu kuziweka, alikata kwenye gazeti la kigeni wanawake watatu wa tangazo la mafuta ya nywele, akawabandika nyuma yake. Profesa mbele, mafuta ya nywele nyuma. Hiyo ndiyo kanda mliyoinunua kwa wingi, na sijui nimdharau nani zaidi, aliyeiuza au nyinyi mlioicheza garini mkijua fika kwamba hayo ni maneno ya chumbani kwa wanawake.

Mume wa shoga yangu aliisikia mkahawani Sur, amekaa na wenzake wa kazini, saa ya kahawa ya asubuhi. Nilihadithiwa na ndugu yake. Mji wa Sur kila mtaa una mtu aliyewahi kuishi Afrika, na siku hiyo mmoja wao alikuwepo, akaona ni hisani kuwafasiria wenziwe. Akawafasiria jina. Akawafasiria baba mtu. Akawafasiria kidoti. Yule kijana aliinuka, akaiacha kahawa yake, akatoka bila ya kuvaa viatu.

Lakini hakumwacha mkewe siku hiyo. Hili watu wa Ibra hawalijui, wanadhani aliachwa kwa sababu ya jina. Alirudi nyumbani akamwuliza tu mashine iliingiaje, kwa sababu Hilal alikwisha kueneza uongo wa kujikinga, kwamba kanda aliletewa na wenye harusi na bibi harusi mwenyewe ndiye aliyetaka kurikodiwa awe na kumbukumbu.

Wanawake wa pande mbili wakakutana nyumbani kwa mama wa shoga yangu. Tukaitwa wote tuliokuwemo. Mama mkwe alikuja kutoka Jalan, mwanamke mkavu, mwenye burqa, akasema kwa upole kwamba hakuja kugombana. Anataka neno moja. Nani aliingiza mashine? Kama ni mtu wa nje, mkwe wake hana kosa, na mwanawe atanyamaza na yatakwisha.

Neno moja, wasomaji wenzangu. "Mimi." Watoto wa miaka mitatu wanaliweza.

Mama yangu alikuwa amekaa ubavuni pangu na alikwisha kunikisia. Akanifinya paja chini ya buibui. Wiki ile tulikuwa tumealikwa kuimba Nizwa, kwenye sherehe kubwa, mbele ya wakubwa, na kamera za televisheni zingekuwepo. Hilal alikwisha kushonesha koti linalong'ara. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza sisi dada kuruhusiwa kuonekana na watu, nyuma ya pazia jepesi, na mimi ndiye niliyepewa ubeti wa kwanza. Nikisema "mimi", kila kitu kimekwisha.

Salha aliapa kwamba hajui, na kweli hakujua. Moza aliapa, na kweli hakujua. Ikafika zamu yangu, nikashika kikombe cha kahawa, nikakipuliza, nikasema wallahi sijui.

Shoga yangu alikuwa amekaa mkabala nami. Sikumtazama.

Siku ya tatu aliachwa. Alirudishwa kwa baba yake na sanduku lake, hina yake bado haijafutika vidoleni. Na siku ya tano sisi tulikuwa Nizwa.

Baada ya hapo ndiyo ikaja miaka yetu ya sifa. Tuliimba Adam, tukaimba Fanja, tukaimba mpaka Maskati. Mama alipata nyumba yake. Hilal alipata gari lenye viti vya manyoya, akawa anaendesha dirisha wazi ili watu waone pete zake. Alizungumza kwenye magazeti jinsi alivyotufundisha kuimba, sisi ambao tulimfundisha yeye mahali pa kuvuta pumzi. Kisha Salha akaolewa na mumewe akamkataza, Moza akaolewa na mumewe akamkataza, na mimi sauti ikaanza kukwama pale pale penye ubeti wa kwanza, kila mara. Nikarudi darasani nikasomea ualimu. Profesa akabaki na kinanda chake. Kwa miaka minne alikwenda kwenye maharusi akibonyeza kanda zetu za zamani na kutingisha kichwa mbele yake, na watu wakamlipa! Halafu akafungua duka la kanda Sur, na humo ndimo alimo mpaka leo, anasubiri kuvishwa majoho.

Mara mbili shoga yangu alipeleka salamu. Mara mbili sikujibu. Nilijidanganya kwamba kumtembelea kutamtonesha kidonda. Ilikuwa raha kufikiri hivyo.

Baada ya karamu yake, Hilal alitualika dada zake chakula cha mchana. Kabla hata wali haujaisha akatoa karatasi yenye rangi rangi, jalada jipya. Anataka kuitoa tena Saa ya Majina, kwa kumbukumbu ya kundi. Nikamwambia amwogope Mungu. Akacheka, akajifuta mdomo.

"Khalas, Zuwena, hayo ya zamani. Yule bibi keshazeeka, nani anamjali?"

Yule bibi ana umri wangu. Tulisukana nywele.

Niliondoka mezani. Asubuhi yake nikapanda gari mpaka Ibra, baada ya miaka kumi. Nilimkuta barazani kwa baba yake, anadarizi kofia, macho yake yameanza kuhitaji miwani. Hakuolewa tena. Waposaji walikuja, wakiulizia habari zake walikuwa wanacheka kwanza. Aliponiona aliweka sindano chini, akanikumbatia, akaleta tende na kahawa. Nikamwambia shikamoo, ingawa si mkubwa wangu.

Nikamweleza yote. Rikoda, mkoba, buibui, kiapo. Nililia. Nilidhani atanitukana, na nawaambieni kweli nilitamani anitukane.

Akaningoja nimalize. Halafu akasema kwa Kiswahili chake kile kile cha zamani, nami nakiandika kama alivyokisema. "Mimi najua siku ile ile. Mkoba yako ilikuwa miguu yangu. Kanda ilikwisha, mimi sikia ndani inafanya tak."

Nikamwuliza, kama alijua, alimwambia nini mumewe?

"Yeye niuliza mara tatu. Anasema, taja mtu tu, wewe utakaa. Mimi nasema sijui. Yeye anaona mimi naficha. Bas, akaniacha."

Nikamwuliza kwa nini. Kwa nini hakunitaja?

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi. "Nyumba yenu ilikuwa ya baba yangu. Mimi nikisema Zuwena, siku ile ile yeye anatoa nyinyi nje, wewe na mama yako. Takwenda wapi?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliyapoteza maisha yake ili mimi nisilale nje, na kila siku aliyokuwa akiulizwa na mumewe, mimi nilikuwa katika nyumba ile ile ya baba yake najipimisha gauni la kuvaa Nizwa.

Akanimiminia kahawa. Akaniuliza na yeye, taratibu, kwamba siku ile ya kikao, kwa nini mimi sikusema.

Nikamwambia kweli, kwamba tulikuwa na onyesho Nizwa.

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akaitia sindano uzi, akashona mishono miwili mitatu, halafu akaniuliza, "Ilikuwa nzuri?"

Nikamjibu ndiyo. Kwa sababu ilikuwa nzuri kweli.

Nilikunywa kahawa yangu nikaondoka, naye akanisindikiza mpaka mlangoni na tende kwenye karatasi.

Wasomaji wenzangu, nimewatukana wengi humu na wengine watakasirika. Wakasirike. Hilal ni mtu mtupu na nimesema hivyo, lakini mtu mtupu hawezi kupita dirishani peke yake, lazima awepo wa kumbebea, na wa kumbebea nilikuwa mimi. Nyinyi mabinti mnaoimba, ambao kaka au mume au bwana wa duka anawaambia kwamba nyinyi ndio nyota na wenzenu wanawafunika tu, jueni anataka kuingizwa mahali. Na ikiwa mmekwisha kumwingiza, siku ya kuulizwa semeni. Siku ile ile, hata kama mna gauni jipya. Nilichelewa miaka kumi, na nilipokuja kulisema lile neno moja, mwenzangu hakuwa na la kulifanyia.

Na mnaokaa na ile kanda majumbani, nawaombeni kitu. Itieni kwenye rikoda zenu, mrikodi juu yake chochote, Kurani, mpira, watoto wenu wakipiga kelele. Ya kaka yangu mpya ikitoka dukani msiinunue. Ile sauti ya kati, inayosikika karibu kuliko zote, ile mnayoisifu kila mnaponiona... ndiyo mwanze nayo kuifuta.